Mwezi wa saba hakuna mahindi mabichi

Mama alisimama mlangoni, kanga kaifunga kiunoni, akaitazama meza kimya. Alikuwa amekuja kutoka Misungwi kwa ajili ya macho yake, daktari alimpangia siku mbili mfululizo, na hapa kwangu Nyakato, Mwanza, chumba pekee chenye nafasi ya kutandika godoro ni hicho ninachofanyia kazi zangu za jioni. Mezani kulikuwa na kazi ya miezi minne: mahindi mabichi yamesimama safu kwa safu, bonde la kijani, nyumba za msonge, barabara nyekundu, na katikati yake askari wadogo wamepangwa tayari kwa mchezo wa Jumamosi.

"Hapa ni wapi, baba?"

Nikamwambia ni huku huku kwetu, kusini mwa mji, mwaka 1916. Waingereza wameingia Mwanza kutokea ziwani, Wajerumani wanaondoka na askari wao kuelekea Tabora.

"Mwezi gani?"

"Wa saba, mama. Mji ulitekwa tarehe 14."

Akainama, akayagusa mahindi kwa ncha ya kidole kama mtu anayempima mtoto homa. "Mwezi wa saba mahindi mabichi umeyatoa wapi?"

Nilinyamaza. Kila kitu kwenye meza ile nilikuwa nimekipima. Upana wa barabara naujua, urefu wa bunduki naujua, kofia za askari wa Keya, wale Waafrika wa jeshi la Waingereza, nilizipaka moja moja kwa brashi ya nywele tatu. Mwezi nao nilikuwa nao, umeandikwa juu kabisa ya karatasi ya mchezo kwa wino mwekundu. Ila haikuwahi kunijia kwamba mwezi nao unatengenezwa kwa gundi na rangi, sawa na nyumba.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: riziki yangu ni brashi. Naandika vibao vya maduka, na kule mwaloni Kirumba naandika majina na namba kwenye mitumbwi. Nikirudi nyumbani natengeneza mandhari za michezo ya vita ya mezani. Kila upande una jeshi la vinyago, unalisogeza kwa rula, unarusha dadu kujua risasi imempata nani, na ardhi iliyo juu ya meza ndiyo inayoamua nani anaonekana, nani kajificha, nani atachelewa kufika. Tupo wanne: mwalimu wa historia, fundi simu, binamu yangu anayeendesha bajaji, na mimi. Vinyago vyetu vingi vililetwa na rafiki yake mwalimu aliyekuwa masomoni Uingereza, askari wa madini wasiozidi kiungo kimoja cha kidole. Kipimo chetu ni moja kwa mia. Sentimita moja mezani ni mita moja shambani, na nakipenda kwa sababu hesabu yake naifanya nikiwa juu ya ngazi naandika kibao cha mtu.

Kazi yenyewe nilijifunzia kwenye video za Wazungu. Ni mafundi wa kweli, sina neno juu yao. Wanakata kapeti la mlangoni, lile la makumbi ya nazi, wanalipaka rangi ya dhahabu na tayari ni shamba la ngano. Wanazungushia ua wa vichaka, wanaweka geti la mbao, na Ufaransa ya mwaka 1944 inakaa mbele yako hadi unasikia harufu ya nyasi. Mimi nikachukua njia zile zile nikaja nazo Usukumani. Mashamba yangu ya kwanza yalikuwa ya pembe nne kamili, kila moja na ua wake, yamejaa zao moja kutoka ukingo hadi ukingo, na yote yako kwenye mwezi wake mzuri kuliko yote. Ndivyo video zinavyofundisha, kwa sababu ngano iliyoiva ni nzuri kwenye picha. Hakuna aliyesema neno. Mwalimu hakusema, binamu hakusema. Tumezaliwa mjini, au tumeishi mjini muda mrefu hadi macho yamezoea.

Usiku ule baada ya kula tulikaa na mama pale mezani hadi saa tano. Alianza na mvua, maana kwake kila kitu kinaanzia hapo. Mahindi yanapandwa mvua za mwanzo zikishika, Oktoba kwenda Novemba. Ukitaka mahindi ya kuchoma shambani kwake, njoo Januari. Waliopanda mara ya pili kwenye Februari au Machi wanavuna Juni. Ikifika Julai kilichobaki ni mabua, tena mabua yenyewe yameshavunjika kiuno kwa sababu ng'ombe wamefunguliwa wayale. Labda kando kabisa ya ziwa, akasema, kwenye bustani ya mtu anayemwagilia kwa ndoo, ndiyo utaona kijani.

"Halafu zamani hizo mahindi hayakuwa mengi hivi," akaongeza. "Bibi yako alilima mtama na uwele."

Hapo mwalimu, nilipompigia kesho yake, alikubaliana naye. Tukaondoa zaidi ya nusu ya mahindi na kuweka mtama. Mtama wa kienyeji ni mrefu, unampita mtu mzima, na unachelewa; mwezi wa sita bado umesimama, mwezi wa saba unakuta shamba hili limekatwa na lile bado. Pamba Wajerumani walikuwa wameshaanza kuihimiza, lakini haikuwa bado ile pamba ya miaka ya 1950, wakati wa Paul Bomani na vyama vya ushirika vya wakulima, iliyojaza nchi nzima hii. Nikaacha kipande kimoja tu cha pamba. Muhogo vipande viwili. Mpunga nikauondoa wote kwenye meza hii, nikautunza kwa meza ya Ukerewe, kwa sababu kisiwa kile ndicho kilichokuwa kikiwapa Wajerumani mchele, na ndiyo moja ya sababu Waingereza walikiteka kwanza, mwezi Juni, kabla ya kuja Mwanza.

Jambo la pili alilolisema mama ni udongo. Meza yangu yote ilikuwa ya rangi moja, ile nyekundu ya matangazo ya watalii. Kwetu ardhi inashuka kwa majina. Juu kabisa ni mawe. Chini ya mawe ni luseni, mchanga uliotokana na mawe yenyewe kumomonyoka, mweupe mweupe, mwepesi kwa jembe, unaopendwa na karanga na viazi. Ukishuka unakuta itogolo, ambayo kiangazi inakuwa ngumu kama sakafu. Bondeni kabisa ni mbuga, nyeusi, inayokuvua viatu wakati wa mvua na kupasuka mapande jua likikaza. Mkulima wa kwetu akisema shamba lake liko luseni, ameshakwambia analima nini na nyumba yake iko umbali gani na mawe.

Meza yangu ni vipande 24 vya plaiwudi, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, ukivipanga sita kwa vinne unapata meza ya mita moja na sentimita 80 kwa mita moja na 20. Vinapakiwa kwenye bajaji ya binamu bila shida. Si wazo langu, na wala si jipya: mwaka 1812 mtumishi mmoja wa serikali ya Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake meza ya mchezo wa vita yenye vigae vya plasta vilivyochorwa mito, vilima na vijiji, unavipanga upya kila unapotaka nchi nyingine. Mwanawe ndiye aliyekuja kuchapisha sheria zilizoenea jeshini mwaka 1824. Zaidi ya miaka 200 imepita na bado hakuna njia bora ya kubeba nchi. Tofauti ni kwamba vipande vyangu sasa haviwezi kuwekwa popote. Nimeviandika nyuma: safu ya mawe, safu ya luseni, safu ya itogolo, safu ya mbuga. Unaweza kubadilisha kijiji, unaweza kuhamisha njia, lakini luseni haiwezi kukaa chini ya mbuga.

Mama alivyorudi Misungwi alinitumia viroba vitatu vidogo kwa gari la abiria. Udongo wenyewe, kila mmoja na kipande cha kitambaa kimefungwa shingoni ili nisichanganye. Sijapata zawadi niliyoifurahia namna ile.

Udongo wa kweli unahitaji kuandaliwa. Ninaukaanga kwanza juu ya bati kuukuu kwenye jiko la mkaa, nusu saa hivi, kuua mayai ya wadudu na mbegu. Halafu natwanga kwenye kinu kidogo, nachekecha kwa chujio la chai. Kinachobaki kwenye chujio ni changarawe za njiani, kinachopita ndiyo shamba. Luseni haina matatizo: paka gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, nyunyiza, acha ikauke, kung'uta. Rangi yake ni ile ile, hakuna rangi ya dukani itakayoipata, na mimi rangi nazijua.

Mbuga ndiyo iliyonifundisha. Mara ya kwanza niliichanganya na gundi nyingi, ikakauka laini kama chokoleti, haina uhai. Mara ya pili nikapunguza gundi hadi kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha udongo na maji, nikaimwaga unene wa milimita tatu, nikaiweka kivulini chini ya kitanda. Asubuhi ilikuwa bado inang'aa. Mchana ukingo mmoja ukaanza kufifia, ukawa wa kijivu. Nilirudi kutoka mwaloni saa kumi na moja, nikalala kifudifudi sakafuni na tochi ya simu, na nikaikuta imepasuka. Imepasuka yenyewe. Mapande ya ukubwa wa kucha, yamejiachia kwenye pembe, ufa mkubwa umepita katikati na nyufa ndogo zimeuingilia kutoka pembeni kama vijito. Nikapima ufa mkubwa: karibu milimita moja. Mara mia, ni sentimita kumi, ufa ule ule unaomvunja ng'ombe mguu kule kwetu mwezi wa tisa. Udongo ule unavimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka, ndiyo tabia yake, na haujali kama uko bondeni Misungwi au juu ya plaiwudi Nyakato. Nilidondoshea gundi nyepesi kwa bomba la sindano ili isibanduke, basi. Brashi sikuigusisha.

Matuta. Watu wengi wameniuliza matuta, kwa hiyo nitayasema taratibu. Chukua boksi gumu, la sabuni au la mafuta. Lowanisha upande mmoja kwa sponji, subiri dakika mbili tatu, halafu menya karatasi ya juu polepole kutoka kwenye kona. Ndani utakuta mawimbi. Mimi nilihesabu mawimbi ishirini kwa rula nikapata sentimita 15, yaani milimita saba na nusu kila moja. Kwa kipimo chetu hiyo ni sentimita 75, nafasi ile ile ambayo mabwana shamba wanafundisha kati ya mstari na mstari wa mahindi. Nilipogundua hilo nilikaa chini. Hata hivyo usiyaache kama yalivyotoka kiwandani. Tuta la mkono halinyooki hivyo. Kata vipande vya upana tofauti, vipishanishe kidogo, bonyeza mahali kwa kidole pale mtu alipokanyaga, na miisho ya matuta izibe kwa udongo iwe mviringo. Yalaze kukingama na mteremko. Ukiyaelekeza kwenye mteremko, mvua ya kwanza inakwenda na shamba lako, na kila mkulima akiona meza yako atajua hujawahi kushika jembe.

Boksi likilowa gundi linapinda. Lipake gundi pande zote mbili, lilaze, weka tofali juu yake usiku kucha na karatasi ya nailoni katikati.

Kwa viazi mawimbi ya boksi hayatoshi. Tuta la viazi linafika magotini, ni nusu mita, yaani nusu sentimita mezani. Hapo natumia vijiti vya mishikaki, navigundisha sambamba kwa kuachana sentimita moja na kidogo, nazibia kwa luseni iliyokandwa na gundi. Juu yake majani ya viazi yanatokana na sponji ya kuoshea vyombo, ule upande wa kijani unaokwaruza, uliochambuliwa hadi kuwa kama vumbi. Sponji hiyo hiyo, ikichanwa kwa vipande virefu na kusimamishwa, ndiyo minyaa ya kuzungushia mji. Mji, si shamba. Ua wa minyaa unazunguka nyumba na zizi. Mashamba yako wazi, mpaka ni mtaro au mti fulani ambao babu yako na babu yake walikubaliana. (Ukara wana historia yao ya kuzuia udongo kwa kuta za mawe. Ni meza nyingine kabisa, na nitaifanya Mungu akinijalia.)

Mabua nayatoa kwenye brashi zangu zilizokufa. Mwandika vibao ana brashi nyingi zilizokufa, nilikuwa nazitupa. Nywele zake zimekakamaa kwa rangi ya mafuta, zina rangi ya majani makavu tayari. Nakata milimita 15 hadi 20, natoboa tundu kwa sindano juu ya tuta, nachovya gundi, nachomeka, na kila la tatu au la nne nalivunja katikati kwa koleo. Shamba la sentimita kumi kwa kumi lina matuta 13. Ukitaka kuchomeka kila shina kwa nafasi ya sentimita 30 utahitaji zaidi ya mashina 400, na utakata tamaa kabla ya shamba la pili. Mimi nachomeka moja kati ya kila matatu, nabaki na 143. Jicho linajaza mengine. Na kwa Julai hata ni sahihi zaidi, mengine ng'ombe kala.

Onyo moja kwa anayeanza: kitu chochote kinacholiwa kisikae kwenye meza yako. Mwaka wa kwanza sikuwa na hela ya gundi, nikatumia uji wa ngano. Shamba langu la kwanza kabisa liliisha kwa siku tatu, mende walianza na panya akamaliza, akala na boksi. Niliumia sana. Sasa nanunua gundi kwanza, chakula cha jioni tutaelewana.

Mawe nayachonga kutoka kwenye maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya sangara, yaliyovunjika unayapata. Mtu atauliza, Mwanza yote ni mawe, kwa nini uchonge? Nilijaribu. Nilikwenda kwa akina mama wanaogonga kokoto, nikachagua vipande vizuri. Shida ni chembe. Jiwe la kwetu lina chembe nyeupe na nyeusi unazoziona kwa macho, na chembe ya milimita nne, mezani, inakuwa ukubwa wa sentimita 40. Jiwe zima linaonekana limebandikwa matikiti. Tena ni zito, linaponda plaiwudi njiani. Hivyo nachonga kwa wembe, nalivisha karatasi ya chooni na gundi, halafu rangi ya maji ya kijivu mara tatu, kila mara ikiwa nyepesi kuliko ya kwanza. Usipulize rangi ya kopo moja kwa moja: kimiminika chake kinayeyusha boksi lile. Mlima wangu wa kwanza ulizama mbele ya macho yangu kama sukari. Mwisho kabisa navuta michirizi myeusi kutoka juu kwenda chini, pale maji ya mvua yanapopita kila mwaka. Bila michirizi hiyo hujachonga jiwe la Mwanza. Nenda ukalitazame jiwe la Bismarck pale ufukweni jioni, utaiona.

Juu ya jiwe moja pana, mama alisema niweke michembe. Julai ndiyo wakati wake: viazi vitamu vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juu ya mawe yenye joto. Nilikata karatasi ya daftari vipande vidogo kabisa, nikavitia chai vikawa na rangi ya maziwa ya kahawia, nikavimwaga. Kila anayekuja anainama pale kwanza. Askari 80 wako mezani na mtu anatazama michembe.

Sasa mchezo. Jumamosi ile tuliahirisha, na meza mpya ilichukua wiki tisa. Tulipoipanga, fundi simu, ambaye ndiye aliyekuwa na askari wa Wajerumani waliobaki nyuma kuchelewesha adui, alizunguka meza mara mbili kisha akaniambia: "Umetuvua nguo."

Ni kweli. Kwenye meza ya zamani alikuwa anaficha watu wake kwenye mahindi, anamngoja adui hadi sentimita kumi, anafyatua, anarudi nyuma shamba kwa shamba. Sasa kutoka kwenye mawe unaona hadi bondeni. Mtu aliyesimama kwenye mabua anaonekana. Ilibidi afikirie upya, na alipofikiria akagundua ngitili. Ngitili ni malisho yaliyofungwa, mwenyewe anayaachia majani yakue tangu mvua ili ng'ombe wapate kitu kiangazi kikikaza. Mwezi wa saba bado halijafunguliwa, majani yanafika kifuani. Nilikuwa nimelitengeneza kwa kamba ya katani iliyofumuliwa, nywele kwa nywele, nikidhani ni pambo. Fundi simu aliingiza humo bunduki yake ya mtombo, ile ya kumimina risasi, na wapagazi wawili wa kubeba risasi, na askari wa Keya wa binamu hawakujua hadi zamu ya tano.

Na matuta yakafanya kazi. Tulikubaliana kwamba anayetembea kwenye mfereji, kufuata tuta, anakwenda mwendo wake wa kawaida. Anayeyakata anapoteza robo. Na anayelala kati ya matuta ya viazi anahesabiwa amejikinga. Binamu alilaza kikosi kizima kwenye viazi, wakatambaa kukingama na mteremko, kuelekea kwenye vihenge vya nafaka.

Vihenge tumevipa uzito mkubwa kuliko kilima. Hilo niliomba mimi. Majeshi yale, ya pande zote, yalikula mashamba ya watu. Kila askari alikuwa na wapagazi nyuma yake, na wote hao walikula mtama wa mtu fulani, ng'ombe wa mtu fulani, na watu wenyewe walichukuliwa kubeba mizigo na wengi mno hawakurudi. Njaa ilifuata nyuma ya vita. Kwa hiyo mchezo wetu hauhesabu waliouawa peke yake. Unahesabu vihenge vilivyobaki vimejaa na ng'ombe waliobaki zizini jua linapozama, na hizo ni alama za upande wa tatu, upande wa wenye mji, ambao mwalimu ndiye anauchezea. Siku ile tuliyocheza wenye mji walibaki na kihenge kimoja kati ya sita. Mwalimu hakusema kitu, aliviinua vile vitano kimoja kimoja akavirudisha kwenye boksi.

Watu wananiomba nitengeneze Kagera ya 1978. Mandhari yake ninaiweza. Wifi yangu ni wa Bukoba na nilimtengenezea kibanja cha sentimita 30, migomba ya karatasi ya kahawia iliyopakwa nta, kahawa chini ya migomba, nyumba katikati, na nilijifunza kwamba kule shamba na nyumba ni kitu kimoja, huwezi kusimama mahali ukaviona vimetengana. Kipo sebuleni kwake. Askari sitaweka juu yake. Baba yangu mdogo alivuka mto ule na vikosi vyetu, yupo hai, hapendi hata sauti ya fataki. Mimi naona 1916 iko mbali kiasi cha kuijifunza kwa mikono, na ile nyingine bado ina wenyewe.

Mama alipigiwa simu ya video juzi nimuonyeshe. Nilipitisha simu taratibu juu ya meza, kuanzia mawe. Akasema michembe mizuri. Akasema mtama ule umeukata mapema, lakini wapo watu wa namna hiyo. Alipofika bondeni akanyamaza, nikajua kuna kitu.

"Hawa wanachota maji wapi?"

Sikuwa nimeweka kisima. Nyumba saba, ng'ombe thelathini, na hakuna maji. Akanielekeza: kiwe pale itogolo inapokutana na mbuga, ndipo maji yanapochimbika, na njia yake isiende kama barabara, inakata mashamba kimshazari kwa sababu wanawake wenye mitungi hawafuati matuta. Nimeshaibana njia, nimeibonyeza kwa upande wa kijiko hadi ikawa na ule ung'aavu wa udongo uliokanyagwa kila asubuhi. Kisima ni kifuniko cha chupa kilichozamishwa. Alitaka na mkuyu pembeni yake, wa kivuli, wenye shina nene na mizizi nje. Nimeokota vijiti vya mpera, vya mwarobaini, na mzizi mmoja wa nyanya uliokaribia sana. Bado mkuyu haujapatikana. Mwenye mche wowote unaokauka na umbo hilo, urefu usiozidi sentimita 15, aniambie, nitaufuata popote ulipo kati ya Usagara na Igombe.